Kaa dume mwenye "mayai": nimrudishe majini au nimuue?

Dema Saba

Assalaam alaykum, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, huku Pangani. Elimu yangu ya bahari ni ya baba mdogo na ya kubanwa vidole, kwa hiyo mnijibu kwa maneno mepesi.

Kuna kaa ananichanganya. Simsemi kaa wa mikoko, yule mkubwa anayetakiwa mahotelini. Namsema huyu mdogo wa kwenye majani ya bahari, mwenye miguu ya nyuma bapa kama kafi, anayeogelea ubavuubavu. Anaingia demani kufuata chambo cha wenzake. Bei hana. Mke wangu anamuuza kwa fungu, anayebaki tunamtia nazi.

Mwaka juzi kikundi chetu cha ufukweni tulikubaliana kaa mwenye mayai arudi majini, awe mkubwa awe mdogo. Hatukulazimishwa na mtu, tuliona wenyewe wanapungua. Daftari nikapewa mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Sasa bamvua lililopita, yale maji makubwa ya mwezi, nilitoa demani kaa ana donge la njano chini ya tumbo. Nikaandika "mayai", nikamtupa majini. Wa pili vilevile. Wa tatu alinibana kidole, nikamgeuza kwa hasira, ndipo nikakiona vizuri kifuniko cha tumbo. Kwa wasiojua: kifuniko cha jike ni kipana, mviringo kama kawa, cha dume ni chembamba kama ncha ya mkuki. Huyu chake si kawa si mkuki, kipo katikati. Baba mdogo akamtazama, akasema huyo huntha, si mume si mke, mwachie Mungu.

Nikalibonyeza lile donge. Mayai ya kaa nayajua, ni chengachenga kama ulezi uliolowekwa, yanabaki kidoleni. Hili ni nyororo, gumu kidogo, kama firigisi iliyokwisha safishwa, rangi ya kiini cha yai la kuchemsha. Halikutoa chenga hata moja.

Je, dume anaweza kubeba mayai? Nikiendelea kuwarudisha ninafanya sawa? Na wanalika? Maana wengine wawili tumeshakula, tulitupa donge tu.

Fungu la Mia Tano

Nauza kaa mwaka wa kumi na moja huu. Hayo madonge nayaona sana, na kweli tunayabandua kabla mteja hajafika. Mteja akiliona anasema kaa ana jipu. Mimi nilijua ni mayai yaliyoharibika.

Kijana wa Bandari

Hizo ni sumu za viwandani na mafuta ya meli. Kaa wanageuzwa jinsia. Ni ugonjwa mpya, wazee wetu hawakuwa nao. Usile kabisa ndugu.

Chupa ya Spiriti

Marahaba, Dema Saba. Baba mdogo wako hakukosea sana. Kijana wa Bandari amekosea, lakini nitamrudia.

Donge hilo si mayai ya kaa. Ni mnyama mwingine kabisa, jike, na mayai yaliyomo ndani ni yake yeye. Vitabuni anaitwa sakulina. Ukoo wake una aina nyingi, na kujua hasa wako ni yupi kunataka darubini, lakini habari zao zinafanana.

Kabla sijaendelea nikiri jambo, maana hata mimi nilidanganyika, tena kwa miaka. Nilikuwa mtumishi wa maabara katika chuo kimoja cha pwani. Kazi yangu kuosha vioo, kufuta vumbi kwenye darubini, na kuongeza spiriti katika chupa za sampuli zisikauke. Chupa moja niliiandikia kibandiko kwa mkono wangu: KAA, JIKE MWENYE MAYAI. Kila mwaka chupa ile ilitoka kabatini, ikazungushwa mezani, wanafunzi wakachora, ikarudi kabatini. Walimu walipita, nao wakachora. Mwaka wa sita kuna binti wa Mafia, mtoto wa wavuvi, akaitoa maiti ile kwa koleo, akafunua kifuniko, akasema: "Mzee, mbona jike huyu ana vijiti vya dume?" Nikavaa miwani. Vijiti viwili vile, ambavyo dume hutumia kumpandia jike, vilikuwepo, vimesinyaa lakini vipo. Na "mayai" yalikuwa ngozi tupu, yameshikwa na kikonyo kimoja katikati ya tumbo. Miaka sita tumechora uongo. Kibandiko nilikibandua siku hiyohiyo, na sikulala vizuri mpaka nilipopata mtu wa kunieleza.

Basi nami nakueleza wewe.

Unapopandisha ngalawa ufukoni kuikwangua, chini unakuta vile vigamba vyeupe vyenye ncha, vinavyokata nyayo. Ndani ya kila kigamba mna kidudu cha jamii ya kaa na kamba, amelala chali, anachota chakula kwa miguu. Sakulina ni ndugu yake huyo. Ukimtazama mtu mzima huwezi kukubali: hana gamba, hana miguu, hana kichwa, hana utumbo. Aliyegundua undugu huo ni daktari wa jeshi la Waingereza, John Vaughan Thompson, mtu aliyewahi kukaa Morisi na Bukini, yaani Madagaska, kabla ya kuhamia Ireland. Mwaka 1836 alieleza kwamba vitoto vinavyotoka kwenye kifuko cha kaa, yaani donge kama lako, vina sura ileile ya vitoto vya vigamba vya merikebuni. Vyote vina pembe mbili pembeni mwa uso. Utu uzima umefuta kila kitu, utoto umebakiza ushahidi.

Kitoto kinatoka kwenye kifuko hakina mlo. Kinaogelea kwa akiba aliyowekewa na mama yake, siku chache tu, kinabadilika umbo kikafanana na punje yenye magamba mawili, na kuanzia hapo ni ama kimpate kaa ama kife. Kikiwa jike, kinatua juu ya kaa, aghalabu penye unywele au kwenye mashavu ya kupumulia, kinajishika. Sasa sikiliza kinachofuata, maana hapa ndipo nilipomwomba yule aliyenieleza arudie mara mbili. Kinavua miguu. Kinavua misuli. Kinavua magamba. Kinabaki kijifuko chenye sindano yenye tundu, sindano inatoboa ngozi ya kaa, na kinachopita ndani ni donge la chembe chache. Mnyama aliyekuwa akiogelea asubuhi amekwisha, ameingia kwa mwenzake kama dawa ya sindano. Mfaransa mmoja, Yves Delage, aliyakalia haya pale Roscoff, pwani ya Ufaransa, akayachapisha mwaka 1884, na wengi walimbishia.

Ndani, donge linaanza kutoa mizizi. Huko kwenu mlangamia mnao, ile mimea ya njano isiyo na majani inayouvaa mkwaju mpaka usionekane. Huu ni mlangamia wa ndani. Mizizi inazunguka utumbo wa kaa, inaingia mpaka miguuni, inanyonya chakula kilichokwisha sagwa. Moyo haiugusi. Inachokimaliza ni uzazi: kaa aliyeshikwa hatoi tena mayai wala mbegu. Mara nyingi hata kujivua gamba anaacha, kwa hiyo hakui, na mguu ukikatika hauoti. Ukimwona kaa mgongo umejaa vigamba na uchafu wa muda mrefu, mgeuze. Gamba hilo kalivaa siku nyingi kuliko desturi.

Miezi inapita hivyo, hujui lolote kwa kumtazama. Halafu kifuko kinatokeza chini ya kifuniko, palepale jike anapobeba mayai. Na kaa anakipokea. Anakipangusa kwa miguu, anakilinda, anakipepea. Angekuwa jike ungesema amezoea. Lakini sakulina haangalii. Akimwingia dume, anambadilisha: kifuniko kinapanuka toka mkuki kuelekea kawa, magando yanapungua ukubwa, na dume yule, ambaye katika ukoo wake hakuna baba aliyewahi kubeba yai, anaanza kulea. Huyo ndiye huntha wa baba yako mdogo.

Nimechoka mkono. Suala la kumrudisha nitalijibu baada ya Isha.

Mwalimu Ukara

Mzee, asante. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu, kisiwani Ukerewe. Huku kwetu kila mtoto anajua habari ya kichocho: mkojo majini, kitoto kinaingia kwa konokono, kinazaliana humo, kinatoka kingine kinachotoboa ngozi ya mtu. Je, konokono wa baharini nao wana minyoo kama hiyo? Na sakulina wa kiume yuko wapi? Maana umesema jike tu.

Chupa ya Spiriti

Nimerudi.

Mwalimu, la dume nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu ni aibu yetu wanaume. Kitoto cha kiume cha sakulina ni kikubwa kuliko cha kike. Hilo ndilo kubwa lake la mwisho. Kifuko kichanga kinapotokeza nje kina kitundu, na kitoto cha kiume kinatua hapo, kinajivua vyote kama dada yake, kinapenyeza mabaki yake ndani. Humo mna vyumba viwili vidogo. Dume wa kwanza anachukua kimoja, wa pili kingine, vinafungwa. Kuanzia siku hiyo dume ni kiwanda cha mbegu ndani ya mwili wa mke, analishwa, hana kazi nyingine. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani sakulina ni huntha kweli, mpaka Wajapani walipofafanua mambo haya miaka ya 1950. Bila dume kuingia, kifuko hakikomai.

Konokono wa bahari, ndiyo, minyoo ya ukoo wa kichocho wanayo, na mtindo ni uleule wa kuteka nyumba ya mtu. Mnyoo anakula mahali pa uzazi pa konokono, anajaza vitoto vyake humo, konokono anatembea na kula kwa faida ya mgeni. Tofauti ni msafara. Kichocho kina vituo viwili, konokono na mtu. Wa baharini wengi wana vitatu: konokono, kisha samaki au kombe au kaa, kisha ndege anayemla huyo. Huko California yupo mmoja anayetoka kwa konokono wa matopeni akaingia kwenye ubongo wa samaki mdogo. Samaki huyo anaanza kupindukapinduka na kumetameta karibu na uso wa maji. Kevin Lafferty na Kimo Morris waliwapima mwaka 1996 wakakuta ndege anamkamata mgonjwa mara kumi hadi thelathini zaidi ya mzima. Ndege anakula, mnyoo kafika, kinyesi kinarudi topeni kwa konokono. Wapo pia wa ndege wanaotoka kwa konokono wa bahari na kumtoboa mtu kwa makosa. Wanafia ngozini, mtu anajikuna siku kadhaa.

Dema Saba, sasa wewe.

Usimrudishe.

Najua kanuni yenu mmeitunga kwa nia safi, na kwa jike mwenye ulezi wake halisi ni kanuni nzuri, msiifute. Lakini mwenye kifuko hatawazalia kaa, si leo si mwakani. Atawazalia sakulina, maelfu kwa maelfu, na kifuko kimoja hutoa uzao zaidi ya mara moja. Halafu fikiria dema lenu linafanya nini. Kaa mzima asiye na mayai mnamla. Kaa mwenye kifuko mnamrudisha kwa heshima. Mkifanya hivyo misimu kumi, mmechuja bahari kwa chekeche lililogeuzwa. Armand Kuris na huyuhuyu Lafferty waliwahi kulipigia hesabu mwaka 1992, kwamba uvuvi unaoacha wagonjwa na kuchukua wazima unakisaidia kimelea. Huhitaji hesabu zao, daftari lako litakuonyesha.

Kubandua donge na kulitupa majini hakusaidii. Kama limekomaa, vitoto vinatoka hata likiwa peke yake, na mizizi imebaki kwa kaa. Lizike juu ya alama ya bamvua, au wape kuku.

Kulika, analika. Sakulina hana habari na mwanadamu, hata ukimmeza mbichi, ingawa sikushauri. Utakachokosa ni nyama, maana amekonda.

Na kama huniamini fanya hivi. Chagua kaa ambaye kifuko chake si njano tena, kimegeuka rangi ya kahawa. Huko ndani vitoto vimekaribia. Mtie peke yake kwenye ndoo ya maji ya bahari, masafi, uifunike kitambaa mpaka alfajiri. Kabla jua halijatoka weka tochi ubavuni mwa ndoo, utulie. Usimguse.

Furaha wa Bukavu

Mimi niko mbali na bahari, ila hapo juu mzee anasema kaa hana neno. Kwetu watu wazima wanakataza kula kaa wa mtoni asiyeiva, wanasema anatia kifua. Ni uongo?

Chupa ya Spiriti

Si uongo hata kidogo, dada. Kaa wa maji baridi ni habari nyingine. Kuna mnyoo wa mapafu anayepitia kwa konokono wa mtoni, akaingia kwa kaa wa mtoni, na mtu akimla kaa yule hajaiva, mnyoo anatoka tumboni anapanda mpaka kwenye mapafu. Mgonjwa anakohoa damu, na mara nyingi anadhaniwa ana kifua kikuu. Afrika unajulikana Kamerun, Nijeria na huko kwenu Kongo. Wazee wenu wamesema kweli: kaa apikwe mpaka aive kabisa. Anayezungumzwa hapa ni wa chumvi, na mgeni wake hana hamu na mapafu yetu.

Vizimba Kilifi

Shikamoo mzee. Mimi nanenepesha kaa wa mikoko, nina vizimba arobaini kwenye mkono wa bahari. Kuna kaa wawili wamekula dagaa wangu miezi miwili na hawajajivua gamba hata mara moja. Umenitia wasiwasi. Sakulina anaingia kwa kaa koko pia?

Chupa ya Spiriti

Marahaba. Yupo ndugu yake anayemshika kaa wa mikoko, huko kaskazini mwa Australia ameandikwa vizuri, na kaa wenyewe ni aina hiihii ya kwetu. Lakini usimhukumu kila kaa mgumu. Kaa mkubwa huchukua muda mrefu kati ya gamba na gamba, na kizimba chenye maji yasiyopita vizuri nacho kinamkwamisha. Wageuze wote wawili. Kama hakuna kifuko na kifuniko cha dume ni mkuki safi, tazama maji yako na chakula chako kwanza. Na kuanzia sasa, kabla hujanunua kaa wa kuweka kizimbani, mgeuze mbele ya muuzaji. Ukimkuta mwenye kifuko, dagaa utakaompa anakula mwingine.

Kijana wa Bandari sijakusahau. Ugonjwa si mpya, nimekutajia mwaka 1836. Ila una haki katika jambo moja, kwamba wanasafiri. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, wanyama wa Bahari ya Shamu walianza kuhamia Mediterania mmojammoja. Kuna kaa mwogeleaji aliyeonekana pwani ya Uturuki miaka ya 1950, akastawi huko karibu miaka arobaini bila mgeni wake. Mwaka 1992 kwenye pwani ya Israeli wakaanza kumwona na vifuko. Miaka michache tu baadaye, mahali pengine zaidi ya nusu ya kaa hao walikuwa wameshikwa. Kaa alitangulia, mdai wake akamfuata.

Kijana wa Bandari

Nimeelewa mzee. Nimefuta ile meseji niliyosambaza kwenye kundi la familia.

Dema Saba

Shikamoo mzee. Nilikuwa kimya kwa sababu yalikuwa maji mafu, madema yanatoka matupu. Nimengoja bamvua.

Habari ya ndoo kwanza. Nilimpata mmoja, dume, kifuko rangi ya kahawa ya tangawizi. Nikamtia kwenye ndoo nyeupe ya rangi, nikafunika khanga. Mke wangu alinicheka kwamba nimeanza kufuga. Saa kumi na moja nikaamka, nikafunua, nikawasha tochi ya simu ubavuni.

Kaa alikuwa amesimama kwa ncha za miguu, tumbo kaliinua juu kabisa ya sakafu ya ndoo. Kifuniko kinafunguka, kinafunga, kinafunguka, kinafunga, polepole, kama mtu anayepepea jiko asilotaka liwake haraka. Kila kikifunguka linatoka wingu. Nilidhani ni uchafu. Halafu lile wingu likaja kwenye tochi. Mzee, lilikuja! Nikaihamisha simu upande wa pili, likasimama kidogo, likageuka, likaja huko. Vumbi linalocheza. Nikamwamsha mke wangu, akatazama, akasema "maskini, anajua anazaa". Hakucheka tena.

Nilikaa hapo mpaka adhana. Yule kaa hakupumzika.

Sasa hesabu. Siku nne za bamvua, madema saba, kaa wa kafi 63. Wenye ulezi wa kweli 9, wote wamerudi majini. Wenye kifuko 5, na watatu kati yao ni madume. Nikarudi nyuma kwenye daftari: mwezi uliopita nilikuwa nimeandika "mayai" mara 14. Sijui ngapi zilikuwa mayai. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu daftari lile tulilionyesha kwenye mkutano tukapigiwa makofi.

Jana tulikutana. Bi mkubwa mmoja wa kikundi, mkusanya chaza wa siku nyingi, alikataa. Alisema kanuni ni kanuni, leo tunamuua mwenye kifuko, kesho kijana mwenye njaa atamuua mwenye mayai aseme ni kifuko. Mzee, ana hoja, kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kutofautisha. Ikabidi nitoe sahani, nimweke jike mwenye mayai na dume mwenye kifuko pamoja, kila mtu abonyeze kwa kidole chake. Alipobonyeza la pili akanyamaza. Tukakubaliana: anayemuua lazima aje na kaa mzima na kifuko chake ufukweni, tukione watu wawili, ndipo iandikwe. Nimechora safu mpya.

Swali moja limebaki. Mmoja kati ya wale 63 hakuwa na kifuko wala mayai, lakini katikati ya tumbo, chini ya kifuniko, ana kidoa cheusi kama alama ya sigara. Kifuniko chake ni cha katikati, si kawa si mkuki. Nimemwacha kwenye ndoo. Nimwandike wapi?

Chupa ya Spiriti

Marahaba mwanangu, na mpe salamu bi mkubwa, mwambie hoja yake ni ya mwanasheria.

Hilo ni kovu. Kifuko kimezeeka kikaanguka, au kimeng'olewa na mtu kama Fungu la Mia Tano, kikonyo kimeacha doa. Kifuniko cha katikati kinakuthibitishia. Baadhi yao mizizi hufa nayo, baadhi hubaki hai, na kwa macho huwezi kujua yupi ni yupi. Mwandike kwenye safu ya kifuko, pembeni weka herufi K ya kovu, asirudi majini. Ukipata wengi wenye K na wachache wenye kifuko, niandikie tena, nitataka kuona.

Na ile ndoo ya alfajiri, maji uliyamwaga wapi?

Dema Saba

Mchangani, juu kabisa, karibu na mnazi. Nilikumbuka nikiwa nimeshainamisha ndoo kuelekea bahari. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono.